Kifungu cha Wakurdi

Siku Baraza la Upinzani la Syria lilipomchagua Bengin Derbo kuwa mwenyekiti, katika hoteli moja ya Istanbul, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Wapiga picha walimsogeza katikati. Daktari Mundhir, Mwarabu wa Homs na rafiki yake wa tangu gerezani, alimkumbatia mpaka miwani ikampanda kipajini.

"Umeona sasa?" Mundhir alimnong'oneza. "Tunaongozwa na kichwa cha Kikurdi. Kwa ugumu wa vichwa vyenu, hata risasi zitadunda."

Bengin alicheka. Mzaha ule aliuzoea tangu walipokuwa wakijifunika blanketi moja katika gereza la jangwani, Mundhir akiwa amefungwa kwa kuikosoa serikali, yeye kwa kufundisha watoto kusoma Kikurdi. Alimpenda Mundhir, na kwa hiyo alimwamini.

Walikuwa wamekubaliana. Bengin angewaita Wakurdi waandamane na nchi nzima chini ya bendera moja. Baraza nalo lingetia katika mkataba wake kifungu kinachosema kwamba Wakurdi ni watu wa nchi hii, lugha yao ni halali, na walionyang'anywa uraia watarudishiwa. Babake Bengin alizaliwa, akaoa na kuzikwa kijijini Girsor, karibu na Amuda, na serikali ilimhesabu mgeni mpaka siku ya kufa.

Jioni ile alimpigia simu dada yake Khezal, aliyebaki kijijini.

"Ijumaa mtoke, dada. Nyote."

"Kutoka tunajua. Tulipotoka zamani, hao ndugu zako Waarabu wa mjini walituchungulia madirishani."

"Safari hii siyo kama zamani. Mwenyekiti ni mimi."

"Mwenye kiti, au umekalishwa tu?"

"Ulimi wako utakuja kukuponza, Khezal."

"Wangu siuogopi. Naogopa wako, kaka, maana watu wanaufuata."

Hata hivyo, Ijumaa walitoka. Khezal alishika pembe moja ya bendera, mwanawe Rodin, seremala aliyekuwa amechumbia juzijuzi tu, akashika nyingine. Askari waliokuwa juu ya paa wakafyatua risasi. Rodin hakufika hospitali.

Bengin alipopata habari alijifungia bafuni hotelini, akafungua bomba hadi mwisho ili wajumbe wasimsikie akilia.

Mkataba ulisomwa kabla matanga hayajaanuliwa. Wanahabari walikuwa wameshakaa Mundhir alipomletea karatasi. Bengin alizipitia haraka, kisha akarudi nyuma, akazipitia tena.

"Kifungu kiko wapi?"

"Pameandikwa wananchi wote ni sawa. Kimo humo humo."

"Mundhir, usinichezee."

"Wajumbe kadhaa wametishia kutoka, ndugu yangu. Tuiangushe serikali kwanza. Kifungu hakina miguu, hakikimbii."

"Mpwa wangu amekufa kwa ajili yake."

"Mpwa wako amekufa kwa ajili ya Syria."

"Usiniambie wewe amekufa kwa ajili ya nini!"

Mundhir aliteremsha sauti. "Basi ondoka. Mlango ule pale. Kesho serikali itatangaza kwamba Wakurdi wameusaliti upinzani, na damu ya yule kijana itakuwa imemwagika bure kabisa. Ndicho unachotaka?"

Bengin aliutazama mlango. Kisha akapanda jukwaani akasoma. Kiarabu chake kilikuwa safi kuliko cha wengi mle ndani, Kiarabu cha mtoto aliyechapwa viboko shuleni kila lilipomponyoka neno la kwao. Hakukwama hata mara moja. Walimpigia makofi marefu, na mjumbe mmoja akamwambia ana sauti ya dhahabu.

Simu ya Khezal ilimkuta ngazini.

"Tulikuwa tunakutazama," alisema. "Wanawake wa matanga walikuwa wakinong'ona, nikawaambia nyamazeni, kaka yangu hajakifikia kifungu bado. Nikaongeza sauti ya televisheni. Nikasema labda amekiweka mwishoni."

"Khezal, nisikilize, siasa..."

"Nimeshakusikiliza. Mpaka mwisho." Akakata.

Baadaye, katika vikao vya faragha, Bengin alikiulizia kifungu tena na tena, mpaka wajumbe wakaanza kumwita mtu anayetaka kuimega nchi. Kabla ya majira ya baridi walimwondoa kwa kura ya kunyoosha mikono. Mundhir alinyoosha wake huku akitazama meza. Kiti akapewa yeye.

Bengin alivuka mpaka kwa kupenya senyenge, akarudi kwao. Wakati huo njia ya Girsor ilikuwa mikononi mwa vijana wa Kikurdi wenye bunduki. Mmoja alimmulika usoni.

"Si wewe yule Mwarabu wa Istanbul?"

Wenzake wakaangua kicheko. Bengin aliwajibu kwa Kikurdi, nao wakazidi kucheka, kisha wakampisha.

Khezal hakumlaumu wala hakumkumbatia. Alimwonyesha chumba cha Rodin, akamwandalia bulguri ya ngano na mtindi. Walipokuwa wakila, televisheni ilimwonyesha Mundhir katika mji mkuu wa nchi ya mbali, akiwasomea wageni mkataba ule ule, akikohoa na kurudia maneno.

Khezal alimsikiliza kidogo.

"Huyu hajui kusoma," alisema. "Wewe ulisoma vizuri."

Akaanza kukusanya vyombo, ingawa kaka yake alikuwa bado anakula.