Mkwe Juu ya Barafu

Sijawahi kumwona Nnalongo akikimbia, isipokuwa siku ile pale uwanja wa ndege wa Arlanda. Jordan alitokea mlangoni na begi moja begani, mrefu, mabega yamejaa koti, akamwona mama wa mchumba wake na kufungua mikono yote miwili ili amkumbatie. Nnalongo alipiga ukelele, akakimbilia nyuma ya toroli la mizigo. Jordan akadhani ni mchezo, naye akazunguka. Walizunguka mara tatu mbele ya Waswidi waliojifanya hawaoni kitu, hadi nikajitupa katikati.

"Seigneur! Acha, usimuguse!" nilimpigia kelele, kisha nikakumbuka hajui Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Nnalongo ni Mganda. Hilo si jina alilopewa na baba yake, ni heshima ya mwanamke aliyezaa mapacha. Pacha mmoja alifariki mdogo, akabaki Babirye, injinia huko Kista, ambaye kampuni ilimpeleka Houston, Marekani, miaka miwili akarudi na pete ya uchumba. Sasa, kwa Waganda, mama mkwe na mume wa binti yake hawagusani. Hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja. Anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko, yaani mikono inaanza kutetemeka na haikomi mpaka kaburini. Mimi ni Mnande wa Butembo, hapa Hagsätra, mtaa wa Stockholm, wananiita Mama Bonheur, na kwetu mambo ni mengine. Lakini nimeishi ngazi moja ya ghorofa na Nnalongo miaka kumi na mitano na miiko yake naijua kuliko ya kwetu. Babirye alikuwa amemweleza Jordan yote kwa simu. Jordan alisema ameelewa. Alielewa nini, Mungu ndiye anajua.

Mtu huyo ni sajenti wa polisi, miaka kumi na saba mitaa ya Houston. Ana kovu la kisu kutoka sikioni hadi shingoni. Nasikia kwao akishuka kwenye gari, watu wanahama kibaraza. Hapa Stockholm hana bunduki, hana gari, na hakuna anayemwogopa hata kidogo. Mgahawani lazima akae akitazama mlango. Siku ya pili tu, mwanamume mmoja aliruka geti la treni pale stesheni bila tiketi. Jordan akamdaka, akambana ukutani, akaanza kumsomea haki zake. Walinzi walipofika, aliyekamatwa ni Jordan. Babirye aliacha mkutano Kista akaja kumtoa, macho mekundu.

Nnalongo aliposikia habari hiyo alisema neno moja tu: "Basi." Akafunga mlango.

Tatizo ni kwamba kwanjula, ile sherehe ya mchumba kutambulishwa kwa wazazi, ilikuwa Jumamosi, na ukumbi Spånga ulikuwa umeshapambwa. Baba yake Babirye alifariki zamani. Nnalongo asipotoka nyumbani kwake, hakuna kwanjula, na bila kwanjula Babirye asingeolewa, maana alishasema hataolewa kinyume cha mama yake. Jordan alikuwa anarudi kwao Jumatatu.

Ijumaa asubuhi Nnalongo alibisha mlangoni kwangu amevaa viatu vyake vya manyoya, na keekee yake ya kutobolea barafu mkononi. Anapokuwa na jambo kichwani, mwanamke huyu huenda kuvua. Alikuja Sweden kama mkimbizi, kupitia Nairobi, na huku mzee mmoja Mswidi alimfundisha kuvua samaki kwenye tundu la barafu. Hakuacha tena.

"Tunaenda ziwani," alisema. "Na ile mutu ya Babirye anakuja. Atavuta sleji ya vyombo yangu hadi pwani, halafu anakaa kwa benchi. Saa moja. Ambia yeye: hapana simama, hapana fuata mimi, hapana kamata mutu. Kama anashindwa kukaa saa moja, ataishi aje na mtoto yangu?"

"Na akiweza?"

"Akiweza, kesho mi navaa gomesi, nakuja kwa kwanjula."

Nilivaa koti haraka! Nilimweleza Jordan mara mbili, polepole, nikihesabu kwa vidole. Akaniambia, "Auntie, nimewahi kukaa garini saa kumi na nne nikimsubiri muuaji. Benchi ni nini?"

Ilikuwa mwanzo wa Machi. Jua lilikuwa kali juu ya ziwa Magelungen, lakini katikati barafu bado ilikuwa nene. Upande wa matete, kijito kinapoingilia, huwa nyembamba mwezi huo, kwa hiyo mimi na Nnalongo tulizunguka mbali kwa njia ya wavuvi. Jordan tulimwacha kwenye benchi, karibu na matete hayo hayo. Hatukumwambia chochote kuhusu barafu. Wa kukaa unamwambia nini kuhusu kutembea? Hilo ndilo kosa letu, na nalikiri.

Nnalongo akatoboa tundu. Mimi nikakaa juu ya ndoo, kitenge kimefungwa juu ya suruali, nikimimina chai. Kila baada ya muda naiba macho kwenye simu. Dakika ishirini. Jordan yuko pale, mikono magotini. Dakika arobaini. Yuko! Nilitaka kupiga vigelegele. Nnalongo naye, ingawa alijifanya anatazama uzi, aliniuliza, "Bado amekaa?"

"Bado eko palepale."

"Hmm," akasema, na nikaona shavu lake limelainika.

Dakika ya arobaini na nane, Nnalongo akafanya kama afanyavyo siku zote samaki wakikataa kuuma. Alitandika mkeka, akalala kifudifudi, akaingiza uso tunduni na kujifunika koti kichwani ili aone chini ya maji. Mimi nimezoea. Lakini hebu jiweke kwenye benchi lile, uwe polisi wa Houston, uone kwa mbali mwanamke wa miaka sitini na tisa anaanguka kifudifudi kwenye barafu na hainuki, na rafiki yake anaendelea kunywa chai!

Nilisikia sauti ya Jordan kabla sijageuka. Alikuwa anakuja mbio, moja kwa moja, kupitia matete.

"Hapana!" nilipiga kelele. "Rudi! Rudi!" Kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa lugha zote isipokuwa yake.

Barafu ilipasuka. Akazama mpaka kifuani, kisha mpaka kidevuni, na ile mikono mikubwa ikawa inavunja ukingo kila aliposhika. Niliona woga usoni kwa mtu ambaye visu havikumtisha. Nililia kwa sauti, siwadanganyi.

Nnalongo alikuwa ameshainuka. "Piga simu!" akaniamrisha. Nikapiga 112, namba ya dharura, vidole vinakosea. Yeye aling'oa kitenge changu kiunoni bila kuomba, akakifunga na skafu yake mafundo mawili, akakimbia, kisha akalala tumbo na kutambaa kuelekea shimo kwa vile vijiti vyenye ncha za chuma ambavyo wavuvi huvaa shingoni.

"Ambia yeye apige miguu!" alinipigia kelele bila kugeuka.

"Piga miguu!" nilimwambia Jordan kwa Kiingereza.

"Ambia yeye alale, kama anaogelea! Ambia yeye ashike kitambaa!"

"Nnalongo, umwambie weye mwenyewe! Muntu anakufa!"

Aliinua kichwa kutoka kwenye barafu. Kisha akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu Arlanda, na kumwita kwa jina. "Jordan! Nitazame mimi. Shika hapa. Piga miguu, mwanangu, piga!" Alisema kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke anayeamrisha jiko la harusi. Akarusha kitenge. Jordan akakosa. Akarusha tena. Akashika! Mimi nikalala nyuma nikamshika Nnalongo miguu, tukavuta, tukavuta, kitenge kikilia kama kinachanika, na mwishowe yule mtu akateleza juu ya barafu akigaragara.

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Nilikuwa karibu kucheka kwa furaha. Mwanamke amemtoa mtu majini na mwiko wake ungali mzima!

Tulimkokota kwa kitenge hichohicho hadi barafu nene. Pale nikaacha kufurahi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, meno yanagongana, na aliyokuwa akisema hayakuwa maneno tena. Kwenye simu waliniambia dakika kumi na mbili. Waliniambia mvueni nguo zilizolowa, mpatieni joto la mwili. Niliyatafsiri hayo kwa Nnalongo, halafu nikafungua vifungo vya koti langu, maana lazima mmoja wetu afanye.

"Wewe ni kidogo," alisema. "Utapasha nini? Mkono tu."

Akamvua Jordan koti na shati kwa nguvu. Akafungua koti lake kubwa, akamvuta kifuani, akalifunga juu ya wote wawili, na kumkumbatia kwa mikono na miguu pale juu ya mkeka. Jordan alijaribu kujitoa. Hata katika hali ile alikumbuka.

"Siruhusiwi," alisema. "Samahani. Nimeshindwa ile saa moja."

"Kaa," Nnalongo akamwambia. "Sasa ndiyo unakaa."

Nilikaa nyuma yake nikimsugua mgongo. Mikono ya Nnalongo ilikuwa inatetemeka, yote miwili, vibaya sana. Nikaingiwa na hofu.

"Nnalongo, ni ile ugonjwa? Ni obuko?"

"Ni baridi, mjinga wewe!" Lakini alikuwa analia.

Watu wa ambulensi walikuja wakikimbia na machela kwa njia ya wavuvi. Walimfunga Jordan mablanketi ya dhahabu, wakampeleka hadi barabarani, na Nnalongo akawafuata bila kumwachia mkono. Mlangoni mwa gari mhudumu, mwanamke mwembamba, akamzuia. Ndani kuna nafasi ya ndugu mmoja tu, alisema kwa Kiswidi. Je, yeye ni nani wa mgonjwa?

Nilifungua mdomo nimsaidie. Kwa Kiswidi mama mkwe ana neno lake, refu, na nalijua. Lakini Nnalongo alishanyanyua mguu kwenye ngazi ya gari.

"Mamma," alisema. "Jag är hans mamma." Mimi ni mama yake, ndivyo alivyosema.

Mhudumu alisogea, naye akapanda.