Jiwe la Zizini

Tata Nyaguthii, dadake baba, aliniomba uongo mmoja tu maishani, nikamnyima mbele ya watu.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeangusha ukuta wa kanisa la zamani kule Kajiado. Mawe yake yalikuwa ya chokaa, yamejaa konokono wadogo waliogeuka jiwe, na wazee wa kanisa hawakutaka mengine. Mzee Hiram akasikia kwamba mawe kama hayo yako shambani kwake, chini ya zizi la Tata, aliyekaa hapo miaka mingi kwa ruhusa ya mdomo. Ikiwa ni kweli, zizi lingegeuka timbo la mawe na Tata angefukuzwa. Mimi, mwenye diploma ya mawe, niliitwa kuamua.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Tata alilikandika jiwe lililochomoza zizini kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Akasahau mbuzi wake. Juu ya jiwe hilohilo ndipo alipozoea kuwawekea magadi ya kulamba, na kufikia asubuhi walikuwa wamelilamba likabaki uchi, konokono nje.

Konokono peke yao hawakutosha, kwa hiyo nikalikamulia limau, maana chokaa hutoa povu likiguswa na limau. Likatoa povu.

"Hiyo ni magadi," Tata akamwambia Hiram haraka. "Magadi na limau lazima yachemke. Muulize huyu msomi."

"Ni kweli, Wanjira?"

Ilikuwa kweli. Magadi hutoa povu vilevile. Ningeitikia tu, twende tukanywe chai. Tata akanishika mkono. "Sema ndiyo, mwanangu."

Lakini ni yeye aliyekuwa akiwachekesha wageni: "Wenzake wanasomea udaktari, wetu anasomea mawe. Akimaliza tutamwoza kwa kilima."

Nikaomba nyundo. Nikapasua kipande, nikakiosha, nikatia limau pale ambapo ulimi wa mbuzi haujawahi kufika. Povu likafura. Ndani, konokono walibanana kama maharagwe kwenye githeri.

"Ni lilelile la kanisani," nikasema. "Na liko jingi."

Hiram akampa Tata mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa anaishi chumba kimoja Kitengela, bila mbuzi hata mmoja. Jana nilimpelekea unga. Hakuupokea.

"Ukuta ulisimama?" akauliza.

"Umesimama. Unapendeza."

"Basi niambie pole, Wanjira. Neno moja tu."

"Unga nauacha hapa mlangoni, Tata. Pole sisemi, na kesho sitasema."