Kibanda cha Mjomba na Mvua ya Kwanza

Wapo watu waliozaliwa kufanya kazi, na wapo waliozaliwa kuitazama. Mjomba, dereva mstaafu, alikuwa wa kundi la pili, na makao yake makuu yalikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya dada yake, katikati ya matuta ya vitunguu na karoti. Kwa jina, kibanda kile kilikuwa cha kuwekea majembe, reki na mbolea. Kwa matendo, kilikuwa na kiti kimoja cha kukunja, na juu ya kiti hicho Mjomba alilala kila mchana usingizi wa pono.

Tatizo ni kwamba kibanda kilivuja kama pakacha. Msimu uliopita mbolea ilikuwa imeganda ikawa jiwe, na mpini wa jembe ukaota uyoga. Basi Dada Mkubwa, karani wa mahakama ambaye hata chumvi aliiomba kama anayesoma hukumu, alisimama mezani wakati wa chakula cha jioni.

"Siku ya mvua ya kwanza nitaingia mwenyewe kukagua. Nikikuta tone moja ndani, kinabomolewa. Najenga banda la kuku."

"Dada! Sasa mimi nitalala... yaani, majembe yatalala wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda chako."

Kesho yake nyumba nzima ilishuhudia muujiza: Mjomba akifanya kazi. Alisugua ukungu kwa brashi ngumu, akapiga msasa, akaziba nyufa, akagongomea upya bati lililokuwa likipiga makofi kila upepo ukivuma. Akachimba mfereji kuzunguka kibanda ili maji yasituame. Kisha akapaka rangi ya mafuta, akangoja ikauke, akapaka tena. Majirani walichungulia juu ya ua wakadhani amefiwa.

Mpwa wake, binti wa Dada Mkubwa aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, alisimamia kazi hiyo huku akila karoti. Nyumbani walimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyowahi kulala kwake.

"Mjomba, mlango hujaupaka ukingo. Juu na chini kote kweupe."

"Ukingo wa chini atauona nani? Mjusi?"

"Haya. Mimi nimesema tu."

Mvua ikaja siku ya mapumziko, alfajiri, ikanyesha bila kuvuta pumzi. Baada ya chai Mjomba akaenda kibandani kulinda heshima yake. Mlango ulikuwa umeanza kukaza. Akaingia, akauvuta kwa nguvu nyuma yake, ukaingia kwenye fremu kama kizibo. Akaketi kitini. Alilinda kwa muda mfupi sana, kisha akakoroma.

Alipoamka alitazama juu. Pakavu. Akapapasa kuta. Kavu. Moyo wake ukapiga vigelegele. Akasukuma mlango ili apeleke habari njema, na mlango haukutikisika. Akausukuma kwa bega. Akausukuma kwa makalio. Wapi! Zile kingo zisizopakwa zilikuwa zimekunywa maji asubuhi nzima, na mbao zikavimba zikashikana na fremu.

Mjomba akatafakari. Ameshinda, lakini hawezi kutoka kusema kwamba ameshinda. Akipiga kelele, Dada atasema kibanda kisichofunguka si kibanda, ni mahabusu, na kuku watahamia. Akaamua kwamba yumo ndani kwa hiari yake.

"Mjomba! Chakula tayari!" Redio alikuwa nje, mwavuli mkono mmoja, sahani mkono wa pili.

"Leo nitakula huku huku."

"Basi fungua."

Mjomba akausukuma mlango tena kwa bega, polepole.

"Pitishia dirishani, mwanangu."

"Hiki ni kidirisha cha panya. Sahani ikipita, mchuzi unabaki huku. Mjomba, umekwama?"

"Nani amekwama? Nimetulia."

"Umetulia kama panya mtegoni." Redio akageuza ndoo, akaketi chini ya ukingo wa paa, akaanza kutafuna. "Nyama imeiva, Mjomba. Sisemi kitu. Imeiva tu."

"Mpwa wangu mpenzi, nenda kimya kimya ukaniletee nyundo."

"Kimya kimya? Mimi?" Akasimama, akajaza mapafu. "Mamaaa! Mjomba anasema uje kukagua!"

Dada Mkubwa akafika na miwani yake na mabuti ya mvua.

"Fungua."

"Dada, karibu kesho."

"Fungua, nimesema!"

Hakungoja jibu. Akashika kitasa, akavuta. Ndani, Mjomba akajisalimisha kwa majaliwa, akarudi nyuma hatua chache, akaja mbio. Mlango ukaachia kwa kishindo. Mjomba akapita mbele ya dada yake kama barua ya haraka, akatua kifudifudi katika mfereji aliouchimba mwenyewe.

Dada Mkubwa akamruka, akaingia. Akapitisha kidole ukutani. Akafungua gunia la mbolea. Ikamwagika kiganjani laini kama unga. Akaketi kitini kutafakari. Nje, Mjomba alinyanyua uso wa matope, na hakuna mshitakiwa aliyewahi kungoja hukumu kwa macho ya huruma kama yale.

"Kibanda ni kikavu," akatamka Dada. "Aliyelowa ni wewe."

"Kwa hiyo kuku..."

"Hakuna kuku. Lakini jua likitoka, upige randa ukingo wa mlango, kisha uupake rangi. Juu na chini."

"Nitaupaka leo leo!"

Dada alikuwa anasikiliza mvua ikicheza juu ya bati. Akavua miwani. Akanyoosha miguu.

"Kumbe huku ni kutamu hivi?"

"Dada, chakula chako kitapoa."

Redio akachungulia, akarudi akinong'ona kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Mahakama imelala."

Mjomba alikitazama kiti chake kwa muda mrefu, maji yakimchuruzika puani.

"Redio, kile kiti kingine cha kukunja kiko wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda chako. Pale majembe yalipotakiwa kuhamia."

Mjomba akaenda kukichukua kwa mwendo wa gwaride, na njiani akainamia sahani iliyoachwa juu ya ndoo, aichukue ile nyama.

Akakuta mfupa.