Shujaa wa Hodhi la Kuogea

Kila Jumapili ya kwanza ya Aprili, kanisa la Wabaptisti la Shiloh Fork, kaskazini mwa Alabama, lilimpa Hoyt Tidmore dakika kumi asimulie jinsi alivyookoa familia yake, na kila mwaka Hoyt alichukua arobaini. Wachungaji watatu walikuja wakahamishwa, simulizi halikuhamishwa. Kwaya ilijua mahali pa kuguna, watoto walijua mahali pa kusinzia, na akina mama walijua saa ya kwenda kuwasha majiko ili kuku wasiwe wamepoa atakapomaliza.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi kabla Hoyt hajakishika. Tarehe tatu Aprili mwaka wa 1974, siku vimbunga zaidi ya mia moja vilipozuka katika majimbo kadhaa kwa siku moja, Hoyt aliona nguzo ya upepo ikija. Akambeba mkewe Earline na mtoto wao wa miezi mitano, akawalaza kwenye hodhi la kuogea la chuma, akawafunika kwa godoro, kisha akalala juu ya godoro. Nyumba ikaondoka, hodhi likabaki na watu wake wazima. Chumvi iliongezwa kidogo kidogo. Mwaka wa kumi, ng'ombe alipita angani. Mwaka wa ishirini, ng'ombe huyo alimtazama Hoyt usoni. Kufikia mwaka wa thelathini Hoyt alikuwa anamjua mwenye ng'ombe.

Yule mtoto wa miezi mitano alikuwa Nelda, na sasa alikuwa na miaka thelathini na saba na alikuwa mpishi katika shule ya msingi. Kwenye simulizi la baba yake alipewa kazi moja tu, kulia, na kila Aprili baba alipofika hapo watu waligeuka kumtazama Nelda, kana kwamba angewalilia tena.

Hodhi lilikaa mbele ya nyumba ya Hoyt, limepandwa maua. Ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa kilima, palikuwa na kitu kisichopigwa picha na mtu yeyote: handaki la zege lenye mlango wa chuma. Mwenyewe ni Odell Crumpton, mzee wa miaka sabini na minane anayetembelea mkongojo, mtu ambaye maneno ukimuomba matatu hukupa mawili. Alilichimba kwa viangazi viwili, na mgongo mbovu. Mawingu yakichacha, mtaa mzima uliingia humo na sufuria zake na mbwa zake. Mtaa mzima isipokuwa Hoyt.

"Shimo la panya hilo," alikuwa akisema. "Mwanamume hukabiliana na upepo akiwa nyumbani kwake."

Nelda aliamini kwa miaka mingi kwamba wazee hawa wawili waligombania mpaka au mbwa wa kuwinda. Watu wa kule wanaweza kununiana kizazi kizima kwa ajili ya mbwa.

Basi ikafika tarehe ishirini na saba Aprili, mwaka wa 2011. Alfajiri dhoruba ya kwanza ilipita ikaangusha nguzo za umeme, na king'ora cha mji, ambacho kwa hekima ya waliokinunua kilitegemea umeme huohuo, kikanyamaza. Mchana jua likawaka. Wageni wangeshukuru kwa hilo jua. Wenyeji walitazama juu, wakahisi ile hewa nzito inayonata shingoni, wakaanza kutafuta viatu vya kufunga kamba. Redio za betri zikawashwa, na mtangazaji akawa anataja vijiji kimoja baada ya kingine, kama anayeita mahudhurio darasani.

Saa tisa Nelda aliegesha gari kwa baba yake. Hakushangaa kumkuta barazani, kwenye kiti, na glasi ya chai ya barafu mkononi. Ndiyo mila ya kule: hatari ikitangazwa, wanawake na watoto huingia ndani, wanaume hutoka nje kutazama. Hakuna aliyewahi kueleza wanatazama ili wafanye nini.

"Baba, inuka. Twende kwa mzee Odell."

"Kaa unywe chai."

"Redio imesema kimeshavuka kiwanda cha kuku. Kinakuja huku."

"Kitafuata mto. Vimbunga vyote hufuata mto."

"Na kile cha sabini na nne, kilifuata mto?"

"Kile kilikuwa na kichwa kigumu."

"Kama nani sijui," alisema Nelda. "Baba, nakuomba. Sikubembelezi mara mbili."

Kwa kweli alimbembeleza mara sita. Hoyt alisema kikizidi ataingia kwenye hodhi. Nelda akamkumbusha kwamba hodhi la ndani siku hizi ni la plastiki, na siku fundi alipolileta yeye Nelda alilibeba kwa mkono mmoja, na mwingine ameshika simu.

"Basi nitaingia hilo la nje."

"Pamoja na maua?"

"Maua yana ubaya gani?"

Wilma Posey, mjane wa nyumba ya tatu, akapita barabarani na mbwa wawili na bakuli kubwa la pudini ya ndizi, akielekea handakini. Mtu wa Shiloh Fork haendi mikono mitupu hata kwenye kufa. "Hoyt, usiwe punguani!" alipaza sauti bila kusimama. "Nelda, mwache huyo, njoo wewe!"

Odell naye akatokea mlangoni mwa handaki. "Hoyt! Nafunga baada ya dakika tano!"

"Funga!" Hoyt akajibu. "Nani kakuomba?"

Hapo upepo ukakata. Majani yakasimama, ndege wakanyamaza, na mbingu upande wa kusini-magharibi zikageuka rangi ya maji ya bwawa. Nelda aliogopa, tena aliogopa hasa. Akamshika baba yake mkono ili amvute, akagundua kwamba ule mkono unatetemeka hadi barafu inagonga glasi. Miaka yote alidhani baba yake ni jeuri. Mzee alikuwa anaogopa vitu viwili, na wingu ndilo lililokuwa dogo.

"Baba," alisema. "Mama aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Yote. Hospitali, wiki ile ya mwisho."

Hoyt hakumtazama. "Yote nini?"

"Kwamba ulipoliona wingu ulipanda pikapu ukaondoka. Ukatuacha. Kwamba mzee Odell ndiye aliyevuka barabara mbio, akatutia kwenye hodhi, akatulalia. Boriti ikamvunja mgongo. Kazini hakurudi tena."

Chai ilimwagika kwenye suruali na Hoyt hakuifuta. Alionekana mzee ghafla, mzee kuliko miaka yake sabini na mitano.

"Mama yako amekufa miaka mitatu sasa," alisema hatimaye. "Aprili tatu zimepita. Ulikuwa unakaa benchi la mbele."

"Ndiyo."

"Ukinisikiliza."

"Na kupiga makofi," alisema Nelda. "Nimekukasirikia, baba, usidhani sijakasirika. Lakini nitakukasirikia ukiwa hai. Inuka."

Akainuka. Walivuka barabara huku mvua ya mawe ikianza, mzee akiburutwa kama mbuzi wa mnada, na nyuma ya miti sauti imeshaanza kunguruma. Ndani ya handaki walikaa watu kumi na wanne kwenye mabenchi mawili, magoti yamegusana, taa moja ya betri katikati. Nelda akaingia. Hoyt akagoma kizingitini. Mtu aliyeshindwa kuomba dua ya chakula bila utangulizi hangeweza kuingia shimoni hivihivi.

"Kabla sijaingia," alisema, "nina neno."

"Bwana weee," alisema kinyozi Dewey Garrard kutoka gizani.

"Mwaka wa sabini na nne sikuwa kwenye hodhi. Nilikimbia. Nilimwacha mke wangu na mtoto nikakimbia. Aliyewaokoa ni Odell. Nimewadanganya miaka thelathini na saba."

Akainamisha kichwa, akingoja apigwe mawe, mengine zaidi ya yale yaliyokuwa yanampiga mgongoni.

"Tunajua, Hoyt," alisema Wilma. "Ingia, mvua inaingia kwenye pudini."

"Mnajua?"

"Ulipita darajani mbele yangu," alisema Dewey. "Taa zote zinawaka, unapiga honi nikupishe."

"Mimi niliambiwa wiki niliyohamia hapa," alisema mchungaji, akitazama viatu vyake.

Hoyt alitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulikuwa umewahi kumpigia makofi. Nelda mwenyewe hakuwa na habari kwamba wengine wanajua. Alidhani amebeba siri ya familia, kumbe alikuwa wa mwisho kuipata mjini.

"Sasa kwa nini mliniacha nisimulie?" Sauti ya Hoyt ilikatika. "Mlikuwa mnanicheka?"

Odell, ambaye maneno hayakuwa fani yake, akajibu. "Earline alizunguka nyumba kwa nyumba. Wiki ileile, akiwa na huyu mtoto kiunoni," akamwonyesha Nelda kwa kidole. "Wewe, Hoyt, ulikuwa umeshawaambia watu wa gazeti kwamba ndiwe uliyewaokoa. Akatuomba tusikuumbue. Alisema, mwacheni aseme. Akilisema sana, huenda siku moja akalifanya."

Hakuna aliyecheka. Hoyt akaingia, akavuta mlango nyuma yake, akaketi mahali pekee palipobaki, mwisho wa benchi, ubavuni mwa mlango.

Watu husema kimbunga hunguruma kama treni. Wanasema hivyo kwa kuwa treni wameisikia. Nelda alihisi masikio yanavutwa kwa ndani, zege likatikisika, mbwa wakaanza kulia na watu pia. Kisha komeo la mlango likakatika. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, mwanga wa kijani ukaingia, taa ikaruka ikapotea. Kulikuwa na mnyororo upande wa ndani. Odell aliunyooshea mkono kutoka benchi la pili na mgongo ukamkatalia.

Hoyt aliushika. Sitaki kumpamba mtu huyu, amejipamba vya kutosha: aliushika kwa sababu ulikuwa mbele ya pua yake. Lakini kuushika ni jambo moja na kutouachia ni lingine. Aliuzungusha kwenye mkono mara mbili, akakita miguu ukutani, akavuta, naye akavutwa. Nelda akamrukia, akamkumbatia kiunoni, Dewey akamshika Nelda, mchungaji akamshika Dewey. Nelda alisikia kwenye mbavu za baba yake kwamba anapiga kelele. Hakusikia maneno. Aliomba, kwa sauti kubwa isiyosikika, asimwachie baba yake na baba yake asiuachie mlango. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu.

Walipotoka hapakuwa na nyumba ya Hoyt, wala ya Odell, wala ya Wilma. Kanisa lilibaki na ukuta mmoja. Ng'ambo ya mto walikufa watu sita, wawili kati yao wanafunzi aliokuwa akiwapikia Nelda, na hapo sina mzaha wowote. Jioni nzima, mpaka giza lilipoingia, watu walikuwa wakiita majina kwenye vifusi.

Kesho yake asubuhi akaja mwandishi wa televisheni, koti lake limepigwa pasi kana kwamba huko alikotoka upepo una adabu. Alikuwa ameambiwa kuna mzee aliyenusurika vimbunga viwili vikubwa vilivyopishana miaka thelathini na saba. Akamkuta Hoyt amekaa juu ya friji iliyolala chali, mkono wake umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi vidole, kwa maana mnyororo ulikuwa umekwenda na ngozi.

"Mzee Tidmore, tusimulie. Mliokokaje?"

Mtaa wote, kwa mazoea, ukasimamisha kazi. Dewey akaweka chini sepetu. Wilma akatafuta pa kukaa, akijua ni dakika arobaini. Nelda alisimama na shuka lililolowa mikononi. Safari hii alitaka baba yake ajisifu. Alitaka kwa moyo wake wote, kwa kuwa safari hii ilikuwa kweli, na mashahidi walikuwepo, na mama yake hakuwepo kuisikia.

Hoyt alijiweka sawa juu ya friji. Akautazama mkono wake, kisha akamtazama Odell, aliyekuwa akitafuta dawa zake kwenye matope.

"Handaki ni la Odell Crumpton," alisema. "Muulizeni yeye. Mimi nilikaa karibu na mlango."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nelda alijifunika uso kwa lile shuka bichi akalia, akalia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kuwalilia kanisani. Mwandishi akashukuru kwa adabu, akazima kamera yake, akaenda kutafuta mtu mwenye habari.