Mchwa wa Bi Taarifa

Jina la Bi Taarifa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu kila ujumbe wa sauti aliotuma kwenye kundi la mtaa ulianza na maneno yale yale: "Taarifa muhimu, jamani, mjulishe na mwenzio." Alishawajulisha kuhusu sabuni inayonyofoa nywele, kuhusu mwizi anayejifanya fundi wa mita, na kuhusu limau linaloyeyusha mawe ya figo. Kati ya hayo yote ni mwizi tu aliyekuwepo kweli, naye alikuwa ameshakamatwa. Lakini mama wa watu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mjane mwenye simu nzuri na mchana mrefu.

Aliishi na mwanawe wa kiume, mkwewe, na mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo roho yake. Mwana alikuwa dereva wa lori, akija nyumbani anakaribishwa kiti kama mgeni. Mkwe ndiye aliyekuwa na kazi ya kuonekana. Ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja cha kukodi, alikuwa na mashine ya kusaga matawi. Mafundi wa umeme walipokata miti iliyogusa nyaya walimpelekea matawi, naye akayasaga, akayalundika, akaliacha rundo lichemke lenyewe mpaka asubuhi linafuka mvuke. Kisha aliwauzia wenye bustani wayatandaze juu ya udongo usikauke. Ndiyo maana yakaitwa matandazo. Bi Taarifa aliyaita takataka za mkwe wangu, na alilisema hilo kwa mapenzi.

Mvua ya kwanza ilipopiga, kumbikumbi walitoka kama ilivyo ada yao. Asubuhi yake Bi Taarifa alikwenda kununua chumvi kwa Mama wa Duka, akakuta kitalu cha maua pale mlangoni kimejaa mbawa, na chini ya mbawa yapo matandazo. Basi akajumlisha hesabu yake. Hakujiuliza matandazo yale yalinunuliwa wapi, ingawa mtaa mzima ulikuwa na muuzaji mmoja tu. Kichwani mwake ya mkwe yalikuwa ya mkwe, na ya hatari yalikuwa ya watu wengine huko.

"Taarifa muhimu, jamani, mjulishe na mwenzio," alisema kwenye simu kabla hata chumvi haijafika jikoni. "Haya matandazo ya bustani yana mchwa ndani. Wanasafiri humo kwenye magunia, wakifika kwako wanakula mlango na fremu yake, wewe umelala."

Ujumbe ukaenda zake. Siku chache baadaye ulirudi, umetumwa na mdogo wake aliyeolewa mji wa mbali, lakini safari hii ulisemwa na mwanamume mwenye sauti nzito aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa wadudu. Yeye aliongeza nyumba iliyoporomoka na familia iliyolala nje. Bi Taarifa aliusikiliza mwili ukimsisimka. "Si mnaona?" aliwaambia watu wa kundi, akiurusha upya. "Mimi nilisema, na wataalamu nao wanasema."

Mkwe hakuwamo kwenye kundi lile, hakuwa na nafasi ya kukaa na simu. Wala hakuna jirani aliyemweleza chochote, maana nani atamwendea mtu na habari za mama mkwe wake? Yeye aliona tu matokeo. Wateja walirudisha magunia. Wengine, kwa haya, waliyaacha getini wakaondoka haraka, kama mtu anayetupa paka. Mwishowe hospitali, iliyokuwa imeagiza matandazo ya uwanja wake wote, ilipiga simu kusema inasubiri kwanza.

Mchana huo mkwe aliingia ndani akaketi bila kuvua buti.

"Mama, hali ikiendelea hivi nafunga," alisema. "Narudi kiwandani kule nilikokuwa. Na mtoto nitakwenda naye, siwezi kumwacha."

Kiwanda hicho kilikuwa safari ya kutwa nzima. Bi Taarifa aliweka chini kikombe chake. "Kwani kumetokea nini, mwanangu?"

Mkwe akamsikilizisha ujumbe wa yule mtaalamu, aliotumiwa na mteja. Bi Taarifa aliusikiliza kwa masikio mengine. Safari hii alisikia mlango na fremu yake, akasikia wewe umelala, maneno yake mwenyewe, hata pale pumzi ilipokatikia. Mtaalamu alikuwa amemkariri neno kwa neno.

"Kwani si kweli?" aliuliza, sauti imempungua.

"Itakuwaje kweli? Mchwa akitengwa na kiota chake anakufa. Hana malkia, atazaliana na nani? Tena matawi yanapita kwenye visu, kisha rundo linachemka mpaka mkono hauingii. Nani atatoka mzima mle? Wale kumbikumbi wametoka ardhini, walikuwepo hapa kabla sijaolewa." Akasugua macho. "Kosa ni moja tu, kuyalundika ukutani. Yanashika unyevu, na mchwa aliyemo ardhini anapanda humo bila kuonekana. Ndiyo maana kila mteja namwambia aache nafasi. Lakini kuleta mchwa, hayaleti."

Pale ndipo pa kusema, Ni mimi, mwanangu. Hakusema. Alimwangalia mjukuu akichora sakafuni kwa chaki, akaona aibu, na hofu ikawa kubwa kuliko aibu. Akaenda chumbani na simu yake.

Aliieleza kweli yote jinsi alivyoisikia, malkia, visu, joto la rundo, nafasi ya ukutani, tena kwa utulivu kama mwalimu. Kundi likaipokea kama wanavyopokea tangazo la mkutano. Fundi Cherehani, jirani wa nyumba ya pili, aliandika kwamba ujumbe ni mrefu mno. Mama wa Duka akaandika, "Masikini, ameshatishwa na mkwewe." Hakuna hata mmoja aliyeurusha mbele. Kweli haikuwa na nyumba iliyoporomoka, na watu hawakuona cha kumpelekea mwenzao.

Bi Taarifa alikaa kitandani akiwaza. Kama kuna jambo alilolijua duniani ni lipi husafiri na lipi hukaa. Akashika simu tena.

"Taarifa muhimu, jamani, mjulishe na mwenzio. Imegundulika kwamba matandazo yanafukuza mchwa. Harufu yake hawaivumilii. Yazungushe nyumba nzima, yashindilie ukutani, usiache hata upenyo."

Neno ukuta lilimtoka tu. Ndilo neno lililokuwa limebaki kichwani kutoka kwenye maelezo ya mkwe, na kwenye uongo lilikaa vizuri sana.

Kesho yake foleni ilifika barabarani. Waliorudisha magunia waliyadai yale yale. Hospitali nayo ikapiga simu, tena kwa unyenyekevu. Jioni mkwe aliingia amechakaa kwa uchovu na kicheko. "Mama, watu wamepata akili," alisema, na habari ya kiwanda haikutajwa tena. Bi Taarifa alimkumbatia mjukuu wake mpaka mtoto akalalamika. Alijiona ameikomboa nyumba kwa maneno tu, na kusema kweli alijipongeza.

Kisha mkwe akapeleka mzigo kwa wateja, akaona kuta. Kwa Mama wa Duka matandazo yalikuwa yamefika dirishani. Kwa Fundi Cherehani yalikuwa yamefunika msingi wote, yamelowa, yamebanwa kwa matofali. Aliwaambia wayatoe, wakamcheka. Alibandika tangazo getini kwamba hauzii watu wa kuweka ukutani, wakaamini anayaficha mazuri kwa ajili ya wakubwa, foleni ikazidi. Mteja mmoja, ili kumaliza ubishi, akamsikilizisha ushahidi, ujumbe wenyewe. Safari hii hapakuwa na mtaalamu aliyekwishaukariri.

"Mama, hii ni sauti yako," alisema mkwe alipofika nyumbani, simu yake ikirudia ule ujumbe.

"Ni yangu."

"Na ile ya kwanza ya mchwa?"

Bi Taarifa alitazama mikono yake. "Nayo yangu. Yule bwana alinikariri tu."

Mkwe alizima simu, akaiweka mezani taratibu. Mama mkwe wake alitamani atukanwe, angalau ajue amesimama wapi.

"Wakiliwa nyumba watakuja kwangu, Mama. Si kwako. Na watakuwa na haki."

"Niliogopa mtaondoka na mtoto. Nilishindwa kufikiria kingine."

"Najua," alisema mkwe, na sauti yake haikuwa laini. "Habari ya kuondoka tutaizungumza kuta zikishakuwa wazi. Chukua reki."

Walianzia kwa Fundi Cherehani. Alikuja getini na futi yake shingoni, akawasikiliza wote wawili kwa adabu. Bi Taarifa alimweleza kila kitu, kwamba uongo wa kwanza ni wake na wa pili ni wake, kwamba aliubuni chumbani akiwa peke yake. Hakuwahi maishani kusema kweli nyingi kiasi hicho kwa pumzi moja.

Fundi alimtazama kwa huruma kubwa.

"Mama, tumeishi vizuri, kwa hiyo nitakwambia," alisema. "Kwanza uliyasema vibaya, biashara ya mkweo ikaanguka. Ukaona vibaya, ukayasifu. Sasa anauza, mtaa mzima unamshukuru, unakuja kutuambia tuyatoe. Huo ni wivu. Mwache binti wa watu afanye kazi."

Ilimchoma. Yote aliyoyafanya tangu kiwanda kilipotajwa, mabaya na mazuri, aliyafanya asitenganishwe na nyumba yake, na sasa mtaa ungemwita mama mkwe mwenye kijicho mpaka siku ya kuzikwa kwake. Machozi yalimjia. Aligeuka kumtafuta mkwe, ili angalau yeye aseme neno, lakini mkwe alikuwa amelishikilia geti lisifungwe.

"Sawa, baba, nina wivu," alisema Bi Taarifa akijifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Utawaambia wote. Sasa nipishe niuone ukuta."