Nusu Kidonge cha Kamanda

Ismael hakukusudia kumpiga vile. Asubuhi hiyo bucha lake la Majengo lilijaa wateja, na Kamanda, paka wake wa miaka mingi, akakwapua juu ya meza figo ya mbuzi aliyonunua mteja. Ismael akarusha jiwe la mizani bila kufikiri. Hasira hasara. Jiwe lilimpata paka mguu wa nyuma, na kilio alichotoa kiliwanyamazisha hata wapiga soga wa mlangoni.

Jioni Kamanda alikuwa chini ya kitanda, anatetemeka, mguu kauinua. Asmaa, mkewe Ismael, hakumung'unya maneno.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo, mzee. Si ako hapo tu karibu na steji ya matatu?"

"Mimi nibebe paka nipite sokoni? Watu watanicheka mpaka Nkubu."

"Wacheke. Kwani kicheko kinavunja mguu?"

Ismael alikuwa na kile kiburi cha wanaume wa soko, kinachoogopa kicheko kuliko kisu. Aliyechinja mbuzi tangu ujana, atabembelezaje paka mbele za watu? Lakini moyo ulimuuma, tena sana. Asmaa alipotoka kwenda kwa jirani, alichukua kidonge cha maumivu, kile anachomeza yeye mgongo ukimsumbua, akakikata nusu kwa kuwa paka ni mdogo, akakisaga ndani ya maini. Akajisifu kimoyomoyo kwa uangalifu wake.

Kulipokucha, uso wa Kamanda ulikuwa umevimba, ufizi una rangi ya matope, na pumzi zinamtoka kwa shida. Ismael alimfunga kwenye koti lake jeupe la kazi akakatiza soko mbio. Watu walicheka kweli. Hakuwasikia.

Daktari Kinya, msichana wa umri wa binti yake, alimfungua paka mdomo, akautazama ufizi.

"Mzee, ulimpea dawa ya watu?"

"Nusu tu, daktari. Sikutaka ateseke."

"Paka hawezi hiyo dawa, hata kidogo. Inamharibia damu. Ziko dawa zao za maumivu, unampea matone tu." Akaupapasa ule mguu polepole. "Na huu haujavunjika. Umevimba tu. Ungepoa."

Ismael alishika ukingo wa meza. Laiti angekubali kuchekwa jana!

"Hakuna la kufanya?"

"Nitajaribu, lakini sitakudanganya. Tumechelewa."

Alijaribu kweli. Alimdunga sindano, akamwekea hewa, akamsugua kifua. Kabla ya adhuhuri Kamanda alinyooka juu ya meza, akaacha kuhema. Ismael alilia waziwazi, hakujali nani yuko mlangoni.

Daktari alimfunika paka kwa lile koti.

"Kwa kawaida wanatema vidonge juu ya uchungu wake," alisema kwa upole. "Ulimshika na nguvu?"

"Sikumshika," Ismael akajibu. "Nilimwita tu. Akatoka chini ya kitanda akichechemea, akaja mpaka kwangu, akala mkononi mwangu."