Alama za Beki wa Kulia

Timu yetu ya mji wa Wainisavu iliingia mtoano kwa kupenya tundu la sindano. Mechi ya mwisho ya ligi tulifungwa tatu bila, nyumbani, na lau wanaotufuata wasingetoka sare kwenye matope, mtoano tungeutazama kwenye televisheni. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, mchana, karakana ya Rajen ilijaa maneno.

Rajen anaziba pancha na kuuza matairi. Jumapili akifunga, mkeka hutandikwa katikati ya matairi, bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, huwekwa, na mashabiki hukaa kulizunguka. Siku hiyo walikuwa wakiwapa wachezaji alama za msimu, kati ya kumi, kuanzia kipa.

"Saba," alisema Rajen. "Zile tatu si zake. Hata ungeweka ukuta zingeingia."

"Sita," alisema Sitiveni, dereva wa basi na mwanakwaya, sauti yake nzito kama ngoma ya kanisani. "Mikono anayo, mdomo hana. Kipa asiyepiga kelele ni mlingoti wa tatu."

Wakacheka, wakapiga makofi, kifuu cha kava kikazunguka. Mchotaji alikuwa Deoraj, dereva wa lori la miwa. Msimu mzima hakumsaza mchezaji yeyote. Alimwita winga kuku wa mvua, mshambuliaji akamwita bibi harusi, kwa sababu hataki kuchafuka. Ila beki wa kulia, Kamlesh, ni mwanawe wa kumzaa, na katika zile tatu bila, mabao mawili yalipitia kwake na la tatu lilikuwa penalti aliyoisababisha yeye.

Zamu ya beki wa kulia ilipofika, Rajen akakohoa.

"Twende kwanza kushoto."

"Ndiyo, kushoto," alisema Sitiveni, huku akiyatazama matairi.

Hapo ndipo Deoraj alipochomwa. Matusi angeyajibu, lakini kuonewa huruma na watu aliozoea kuwachekesha kulimshinda.

"Mbona mnaruka? Kwa sababu ni mwanangu?"

"Kaka, tuache tu," Rajen alisema.

"Mpeni moja. Na hiyo moja ni ya kufika uwanjani na viatu vyote viwili!"

Kicheko kikalipuka. Deoraj akaona uso wake umerudi mahali pake, akakolea.

"Yule si beki, ni uchochoro. Hata gari la ng'ombe linapita. Na mnajua alifanya nini baada ya mechi? Alifika nyumbani akamwekea mama yake kichwa mapajani, akalia. Dume zima lenye ndevu! 'Mama, Mama,' mpaka mama mtu akamfuta kamasi kwa upindo wa gauni." Akaiigiza sauti, akaiigiza na mikono.

Rajen alicheka mpaka kava ikamwagikia mapajani. Sitiveni naye alicheka, kisha akasukuma kifuu chake mbele.

"Basi, ndugu yangu. Yametosha. Chota."

Lakini neno likitoka halirudi. Jumanne, timu ilipofanya mazoezi, vijana waliokaa juu ya uzio walikuwa nalo tayari. Kamlesh akigusa mpira tu, wanaitikia kwa sauti nyembamba: "Mama! Mamaaa!" Wachezaji wenzake waliinamisha vichwa kuficha kicheko.

Jioni hiyo alirudi, akanawa, akaketi mbele ya wali na dengu asile.

"Mama, ulimwambia nani?"

Sunila, mkewe Deoraj, alikuwa jikoni akigeuza chapati. "Nimwambie nani nini?"

"Kwamba nililia. Tulikuwa watatu tu humu ndani."

Sunila akamtazama mumewe. Deoraj alikuwa na tonge mdomoni, akaendelea kulitafuna ingawa halikuwa na cha kutafunwa tena. Alijua kwamba sasa ndipo pa kusema. Akameza.

"Watu wana midomo," alisema.

Chapati ikaungua. Sunila aliiondoa taratibu, akazima na jiko.

"Labda niliteleza ulimi hekaluni," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Kamlesh akanyanyuka bila kula. Deoraj alitamani mkewe amgombeze, amtupie hata sufuria. Sunila aliosha vyombo, akamwekea maji ya kunywa kama kila siku, akaenda kulala.

Kesho yake jioni Kamlesh alikuwa mpole kwa mama yake, akambebea mtungi wa gesi, akamsifia kachumbari. Deoraj aliona kijana amesamehe, akashusha pumzi. Kisha akaona haya kwa ile pumzi yenyewe. Kumbe alikuwa amekaa akingoja mkewe asamehewe kosa lake yeye.

Jumamosi, siku ya mtoano, uwanja ulijaa. Sunila alikaa upande wa wanawake na mwavuli wake, kama msimu wote. Kamlesh alipogusa mpira wa kwanza, jukwaa zima likaitika: "Mamaaa!" Sunila akauteremsha mwavuli ukamfunika uso.

Deoraj akapenya hadi kwa Rajen. "Wanyamazishe hawa. Wewe wanakusikiliza."

"Niwanyamazishe kwa lipi, kaka? Maneno ni yako. Mimi nilicheka tu." Rajen hakumtazama. "Na kucheka kwenyewe najuta."

Deoraj akasimama juu ya benchi, akapaza sauti, "Jamani, yatosha!" Kijana mmoja nyuma yake akajibu, "Keti, Baba Mama!" Watu wakaangua kicheko, naye akaketi.

Kamlesh alicheza vizuri. Winga wa wapinzani hakumpita hata mara moja. Bao lililotutoa liliingia dakika za mwisho, kutoka kushoto, na aliyekosea hakuitiwa mama na mtu.

Baada ya filimbi Deoraj aliingia chumba cha kubadilishia nguo. Kamlesh alikuwa akifungua kamba za viatu, wenzake wamemzunguka.

"Mama yako hakuteleza ulimi," Deoraj alisema, mbele ya wote. "Ni mimi. Kule kwa Rajen. Nilitaka wacheke."

Kamlesh alimaliza kiatu cha kwanza, akaanza cha pili.

"Najua, Baba."

"Umejuaje?"

"Mzee Sitiveni alinifuata kituoni Jumatano, akaniomba radhi kwa kucheka." Akainua uso. "Nilikuwa nasubiri kuona utamwacha Mama abebe mpaka lini."

Deoraj alitoka akapita katikati ya mashabiki waliokuwa wakiwalaumu kocha na mwamuzi, akasimama kando ya lori lake. Kutoka pale alimwona Kamlesh amemshika mama yake mkono, wanapanda basi la Sitiveni.

Siku hizi kijana humsalimu baba yake vizuri. Huongea naye habari za miwa, za mvua, za matairi ya lori. Ya mpira hayagusi. Akirudi kutoka mazoezini anachechemea, Deoraj humnong'oneza mkewe, "Ameumia wapi?"

"Muulize mwenyewe," Sunila humjibu.

Mpaka leo hajauliza.